Kuchagua feni za kompyuta ya mezani unayoiunda mwenyewe, kwenye joto na vumbi letu

"Fundi, feni ngapi zinatosha?" Swali hili halipiti wiki sijaulizwa, na mara nyingi anayeuliza ameshanunua kesi (kasha la kompyuta) yenye kioo mbele na feni sita za taa. Likijibiwa hilo yanafuata mengine yaleyale: hii iwe inaingiza au inatoa, ninunue ya pini tatu au nne, mbona inanguruma, mbona kadi ya grafiki inafika nyuzi 84 na feni zote zinazunguka. Nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapounda mashine. Ukiufuata utaingia dukani ukijua unachotafuta, na hutalipia feni ambazo kesi yako haina kazi nazo.

Jambo moja kwanza. Ushauri mwingi ulioko kwenye intaneti umetolewa na watu wanaoishi kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Chumba cha Dar es Salaam msimu wa kaskazi, saa nane mchana, kina nyuzi 31 au 32. Feni haiwezi kushusha joto la prosesa chini ya joto la chumba. Inatoa hewa iliyopata moto na kuingiza ya chumbani, basi. Kwa hiyo prosesa inayokaa nyuzi 70 kwa mtu wa Ulaya, kwako itakaa 80 kwa kazi ileile na feni zilezile. Nyuzi hizo 10 tunaanza nazo mkononi kabla hatujawasha chochote, ndiyo maana kwetu uchaguzi wa feni si pambo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jina kamili la kesi yako na ukurasa wa mtengenezaji unaoonyesha nafasi za feni: ngapi mbele, juu, nyuma, chini, na za ukubwa gani.
- Kitabu cha madabodi (bodi kuu inayobeba prosesa na memori), au nakala yake ya PDF. Unatafuta ukurasa mmoja tu, ule wa soketi za feni.
- Wati za prosesa na za kadi ya grafiki.
- Rula au tepu yenye milimita.
- Bisibisi ya nyota, karatasi ya tishu, na tochi ya simu.
- Kipimajoto cha chumba, hata cha bei ndogo cha ukutani. Wengi hawakitafuti, na bila hicho vipimo vya mwishoni havitakuambia kitu.

Hatua ya 1: Jumlisha joto

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unageuka kuwa joto. Tuchukue mashine ambayo watu wengi wanaiunda: prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya RTX 3060. Prosesa imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa na kazi inaruhusiwa kwenda hadi 76. Kadi ni wati 170. Madabodi, memori, diski na joto la pawa saplai yenyewe, weka 50. Jumla unakaribia 300.

Sasa amua hewa ndani ya kesi izidi ya chumbani kwa nyuzi ngapi. Mimi naweka 10. Kwa nyuzi 10, gawanya wati kwa 6, utapata takriban kiasi cha hewa kinachotakiwa kupita, kwa futi za ujazo kwa dakika, kipimo ambacho kwenye boksi kimeandikwa CFM. 300 gawanya kwa 6 ni 50.

Namba ya kwenye boksi imepimwa feni ikiwa wazi, haina chujio mbele wala kitu nyuma. Ndani ya kesi usitegemee zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo tafuta 100 za kwenye boksi ili upate 50 za kweli. Feni ya milimita 120 iliyo nzuri inatoa kama 55 ikienda kasi yote, kwa hiyo mbili zingetosha, ila zitakupigia kelele mchana kutwa. Weka tatu ziende asilimia 60 ya kasi yake: kazi ni ileile, na chumba kinatulia. Hapo ndipo jibu la "feni ngapi" linapotoka. Na unahesabu zinazoingiza tu. Zile za kutoa zinatoa hewa hiyohiyo, usizijumlishe mara mbili.

Walioko Nairobi wana hesabu yao. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama moja ya tano. Feni itasukuma ujazo uleule lakini hewa hiyo itabeba joto pungufu. Ongeza moja ya tano kwenye hesabu. Nafuu yenu ni kwamba vyumba vina baridi, na mara nyingi nafuu hiyo inafidia na kuzidi.

Hatua ya 2: Ikague kesi kabla ya kufikiria feni

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba za pwani tulizokulia zina madirisha yanayotazamana. Upepo unaingia upande mmoja unatokea wa pili, na ukifunga dirisha moja, lile jingine halikusaidii kitu hata likiwa kubwa kama mlango. Kesi ni vivyo hivyo. Feni tatu nyuma ya kioo kisicho na tundu ni sawa na pangaboi kwenye chumba kilichofungwa: linazungusha joto lilelile.

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea mashine iliyokuwa inapunguza kasi yenyewe kila akianza kutoa video iliyokwisha kuhaririwa. Kadi ya grafiki nyuzi 84, feni tatu mbele, moja nyuma, zote mpya. Alikuwa anataka nimwongezee mbili juu. Niliiwasha, nikaipa kazi ileile ya kutoa video, nikasubiri namba zitulie. Kisha nikang'oa uso wa mbele wa kesi, ule wa kioo, nikauweka mezani, sikugusa kitu kingine. Baada ya robo saa kadi ilikuwa 75 na feni zake zimeshusha sauti. Nyuma ya kile kioo hewa ilikuwa inaingilia kwenye ufa wa ubavuni usiopitisha hata kidole. Hakununua feni. Alikwenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, akakatiwa bati lenye matundu kwa kipimo cha ule uso, likafungwa kwa skrubu zilezile.

Kwa hiyo kama hujanunua kesi, chagua yenye uso wa wavu. Kama umeshanunua, fanya jaribio hilohilo: pima joto ukiwa umefunga, ng'oa uso wa mbele, subiri dakika 15, pima tena. Likishuka nyuzi 5 au zaidi, shida yako ni kesi, na feni yoyote utakayoongeza itapigana na ukuta.

Angalizo: usibandike wavu wa mbu mbele ya feni ukidhani ni chujio. Ukishika vumbi wiki mbili unakuwa kama kitambaa. Chujio la kesi likiwa safi, ukilinyanyua kwenye mwanga unaona ng'ambo.

Hatua ya 3: Pima nafasi

Saizi utakazokutana nazo sana ni 120 na 140. Namba hiyo ni upana wa fremu yote kwa milimita, siyo umbali wa matundu ya skrubu. Feni ya 120 ina milimita 105 kutoka katikati ya tundu hadi tundu. Ya 140 ina 124.5. Wapo wanaopima matundu kwenye kesi, wakapata 105, wakazunguka Kariakoo nzima wakitafuta feni ya 105. Haipo.

Unene wa kawaida ni milimita 25. Angalia kama kuna nafasi hiyo kati ya uso wa kesi na kadi ya grafiki, na juu kati ya paa na memori. Zipo nyembamba za milimita 15, ila zichukue pale tu ambapo hakuna namna, maana zinasukuma kidogo na zinazunguka haraka ili kufidia.

Kesi ikikubali 140, chukua 140. Kipanga kikubwa, yaani jani la feni, kinaleta hewa ileile kwa mizunguko michache, na sauti yake ni nzito, haichomi sikio.

Hatua ya 4: Panga njia ya hewa

Anza na tatu: mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa. Kwa mashine nyingi za wati 300 zenye kesi ya wavu na feni za 140, hapo umemaliza. Kama ni za 120, mbele weka tatu.

Ukitaka kuongeza, ya kwanza kuongeza ni ya juu, upande wa nyuma, ikitoa. Ile nafasi ya juu upande wa mbele iache wazi kama huna rejeta ya maji ya kupozea prosesa. Feni inayotoa hapo inaidaka hewa baridi iliyoingia sasa hivi na kuitupa nje kabla haijaifikia prosesa. Nimeona kesi zenye feni tatu juu ambazo prosesa ilipata nafuu tulipochomoa ile ya mbele.

Hakikisha zinazoingiza zinazidi kidogo zinazotoa. Hewa ikizidi ndani, inatokea kwenye nyufa, na vumbi haliingii kwa kupitia huko. Ikizidi inayotoka, kesi inavuta vumbi kwenye kila tundu la USB na kila mfuniko usiokaza. Kwa anayeishi kando ya barabara ya vumbi, tofauti unaiona ndani ya miezi miwili tu.

Upande wa feni usiukisie. Feni nyingi zina mishale miwili midogo kwenye ubavu wa fremu: mmoja wa mzunguko, mwingine wa hewa inakoelekea. Kama hakuna mishale, tazama mikono ya plastiki inayoshika mota. Hewa inatokea upande wenye mikono. Ukishaiwasha, sogeza kipande cha tishu: upande wa kuingilia kinanata kwenye wavu, upande wa kutokea kinapeperuka. Fanya hivyo kwa kila feni, hata ulizozifunga kwa uhakika.

Pawa saplai ikiwa chini ya kesi inavuta hewa kutoka sakafuni. Usiiweke kompyuta juu ya zulia. Kipande cha ubao kinatosha.

Hatua ya 5: Soma namba za kwenye boksi

Kuna namba mbili, na wanaoanza wanaangalia moja. Ya kwanza ni kiasi cha hewa, CFM au mita za ujazo kwa saa. Ukiwa na mita za ujazo, gawanya kwa 1.7 upate CFM. Ya pili ni shinikizo, kwa milimita za maji, imeandikwa mmH2O. Hii inakuambia feni ina nguvu kiasi gani ikikuta kizuizi.

Zitazame feni mbili za Noctua za ukubwa uleule wa 120. NF-S12A PWM inatoa mita za ujazo 107.5 kwa saa, shinikizo 1.19. NF-F12 PWM inatoa 93.4, shinikizo 2.61. Anayesoma namba moja atachukua ya kwanza. Iweke nyuma ya kesi, pasipo na chujio, nayo itafanya kazi vizuri na kimya kuliko nyingi. Iweke mbele, nyuma ya chujio lenye vumbi la wiki tatu, na ile ya pili itaiacha mbali.

Kwa mazingira yetu, ambako kila pa kuingilia pana chujio, ninachagua shinikizo la 2 au zaidi kwa feni za mbele. Si lazima iwe ya bei kubwa. Arctic P12 PWM ina CFM 56.3 na shinikizo 2.2 kwa mizunguko 1800, na bei yake ni sehemu ndogo ya zile za Noctua. Ndiyo ninayowafungia wanafunzi wengi.

Desibeli zisome kwa tahadhari. Kila kampuni inapima kwa namna yake, kwa hiyo linganisha feni za kampuni moja tu. Na boksi ambalo halina namba yoyote isipokuwa picha ya taa za rangi, lirudishe kwenye kabati la muuzaji.

Hatua ya 6: Uliza beringi

Feni inakufa kwenye beringi, sio kwenye vipanga. Za rahisi zina bushi ya kawaida yenye mafuta kidogo, na joto linayakausha mafuta hayo. Bushi inavumilia ikiwa imesimama wima. Ukiilaza juu ya paa la kesi inaisha haraka, inaanza kukwaruza. Kwa nafasi ya juu na ya chini nunua yenye beringi ya mafuta, ile inayoandikwa FDB, au ya gololi. Ya gololi ina sauti kidogo tangu siku ya kwanza lakini inastahimili joto na ulalo wowote.

Hatua ya 7: Pini na soketi

Pini tatu: kasi inabadilishwa kwa kupunguza volti. Pini nne: volti zinabaki 12 na pini ya nne inaleta amri ya kasi, ndiyo PWM. Nunua ya pini nne. Inashuka hadi kasi ndogo bila kukwama, na tofauti ya bei ni ndogo. Ya pini tatu inaingia kwenye soketi ya nne na ya nne inaingia kwenye ya tatu, zote zitazunguka.

Feni yenye plagi kubwa ya kuchomeka moja kwa moja kwenye pawa saplai itakwenda kasi yote usiku na mchana. Iepuke.

Soketi nyingi za feni kwenye madabodi zinabeba ampea 1. Kila feni ina kibandiko katikati kinachotaja ampea zake, tuseme 0.2. Kwa waya wa kugawanya, feni tatu za 0.2 ni 0.6, salama. Sita za 0.3 ni 1.8, umeunguza soketi. Zikizidi, nunua kigawanyio kinachochukua umeme wake kwenye pawa saplai kwa plagi ya SATA, ile ya kulishia diski umeme, na kuchukua amri ya kasi tu kwenye madabodi.

Angalizo kubwa kwa wenye feni za taa: waya wa taa ni mwingine, si wa feni. Kuna taa za pini nne za volti 12 na taa za pini tatu za volti 5. Ukizichomeka za volti 5 kwenye soketi ya volti 12 zinaungua papo hapo, hakuna wa kuzifufua. Volti zimeandikwa pembeni ya soketi kwenye madabodi. Soma kwa tochi kabla ya kusukuma.

Na zile kesi zinazokuja na feni zenye plagi ya pini sita inayoingia kwenye kisanduku chake tu: kisanduku kikifa, feni zote zimekufa nacho, na huwezi kuzichomeka kwenye madabodi. Ukinunua kesi ya namna hiyo, panga bajeti ya kubadilisha feni.

Hatua ya 8: Dukani

Izungushe kwa kidole. Inatakiwa iendelee kidogo na isimame taratibu, bila kugota. Itazame kwa ubavu ikizunguka: vipanga vikipanda na kushuka, iache. Muombe muuzaji aiwashe, uishike mkononi usikie mtetemo. Duka linalokataa kuwasha feni lina majirani. Hakikisha skrubu zake nne zimo na waya unafika soketi. Za mbele zinunue za aina moja, maana feni mbili tofauti zikizunguka karibu zinatoa mvumo wa kupanda na kushuka unaochosha.

Feni ya mtumba siichukui, hata ikiwa safi. Hujui imelazwa vipi wala imekaa miaka mingapi kwenye chumba gani.

Hatua ya 9: Kufunga na kupanga kasi

1. Skrubu zote nne zianzishe kwa mzunguko mmoja mmoja, kisha kaza kwa mshazari. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, fremu inapinda na feni inalia.
2. Feni ya prosesa iende palipoandikwa CPU_FAN. Za kesi ziende CHA_FAN au SYS_FAN.
3. Funga waya kwenye nyuma ya kesi kwa vibanio vya plastiki. Waya unaogusa kipanga ndio chanzo cha "feni mbovu" nyingi ninazoletewa.
4. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows. Kwa kila soketi chagua PWM kama feni ni ya pini nne, DC kama ni ya tatu.
5. Panga mstari wa kasi, yaani kwa joto gani feni iende kasi gani. Wa kiwandani umekadiriwa kwa chumba chenye baridi. Unaanza kupandisha kwenye nyuzi 40, wakati prosesa yetu ikiwa haina kazi imeshakaa 45 au 50. Matokeo yake feni inapanda na kushuka kila ukifungua ukurasa. Ninaanza hivi: hadi nyuzi 55 asilimia 40, nyuzi 70 asilimia 65, nyuzi 80 asilimia 100.
6. Weka kuchelewa kupanda kwa sekunde 3 hadi 5. BIOS nyingi zina sehemu hiyo. Feni haitakurupuka tena kwa kila kazi ya sekunde moja.

Kama kazi yako kubwa ni michezo au video, joto linatoka kwenye kadi ya grafiki, na BIOS kwa kawaida haioni joto la kadi. Programu ya Windows inayoitwa Fan Control inaweza kuziamuru feni za mbele zifuate kadi. Ni ya bure. Kwa mashine za kuhariri video, badiliko hili peke yake linasikika.

Hatua ya 10: Pima, andika

Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, ipe mashine kazi nzito nusu saa, kesi ikiwa imefungwa. Andika joto la prosesa, la kadi, na la chumba kwa kile kipimajoto. Kisha toa la chumba. Prosesa ikiwa 78 na chumba 31, tofauti ni 47. Ukipima tena mwezi wa saba chumba kikiwa 26, tofauti inatakiwa ibaki karibu na 47. Ikipanda hadi 55, kuna vumbi au feni imechoka, hata kama namba ya kwenye skrini inaonekana nzuri kwa sababu ya baridi.

Mipaka: Ryzen 5 5600 inajibana yenyewe ikifika nyuzi 90, Core i5-12400 ni 100. Mimi nataka nafasi ya nyuzi 10 chini ya hapo siku ya joto kali.

Chujio ling'oe kila mwezi, lioshe kwa maji, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Ukipuliza vumbi kwa blowa, zuia vipanga kwa kidole. Vikizungushwa na upepo huo vinapita kasi vilivyotengenezewa na beringi inaumia.

Ikisumbua

Feni haizunguki kabisa. Ihamishie soketi nyingine. Ikizunguka, soketi ya kwanza imezimwa kwenye BIOS au imeungua. Isipozunguka popote, isukume kwa kidole ikiwa imewashwa. Ikianza kwa kusukumwa, beringi imekauka.

Inaanza, inasimama, inaanza tena. Kasi uliyoiweka ni ndogo kuliko inavyoweza, hasa ya pini tatu. Pandisha kiwango cha chini hadi asilimia 50, kisha shuka kidogo kidogo.

Inakwenda kasi yote muda wote. Ni ya pini tatu kwenye soketi iliyowekwa PWM. Badilisha iwe DC.

Ujumbe wa hitilafu ya feni ya prosesa wakati wa kuwasha. Hakuna kitu kwenye CPU_FAN, au umechomeka kwenye soketi ya jirani yake. Wenye kupoza kwa maji, waya mmoja wa rejeta au pampu lazima uende hapo.

Skrini inaonyesha mizunguko 0 na feni unaiona inazunguka. Iko kwenye kigawanyio. Kigawanyio kinarudisha taarifa ya feni moja tu, iliyoko kwenye tundu la kwanza.

Mvumo ambao unatokea kwenye kasi fulani tu. Bonyeza ubavu wa kesi kwa kiganja. Ukinyamaza, ni bati linatetemeka, siyo feni: weka vipande vya mpira chini ya skrubu, au ruka kasi hiyo kwenye mstari wako.

Unatumia kesi ya kompyuta ya ofisi iliyotumika. Nyingi zina plagi ya waya tano au mpangilio wake, na ukichomoa feni ya asili mashine inalalamika kila ukiwasha. Usikate waya kwa kukisia. Iache feni ya asili mahali pake, na uongeze moja ya kuingiza mbele kwa umeme wa SATA, yenye kitufe cha kupunguza kasi.

Feni ziko sawa zote, mishale sawa, chujio safi, na prosesa bado iko 90. Zima, ishike hitisinki (kile chuma cha kupoza kilicho juu ya prosesa) uitikise taratibu. Ikicheza, haijakaa. Ifungue, safisha pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti, paka mpya kiasi cha punje ya njegere, kaza kwa mshazari. Na kabla hujaifunga, igeuze utazame chini yake kama ile karatasi laini ya plastiki ya kiwandani imetolewa. Wiki iliyopita nimeitoa moja iliyokuwa imekaa pale miezi minne.